Land Rover ya Marehemu Baba Yako

Kamachumu, Muleba

Mpwa wangu Mugisha,

Huku mvua imeshika, migomba imependeza, na bibi yako kila akimaliza sala anaulizia Krismasi. Mama yako amenisomea ujumbe wako: unataka kuifungia Land Rover ya marehemu altaneta ya ampea 65, uje nayo kutoka Mwanza.

Sikukatazi, mwana waitu. Ile ya zamani hutoa ampea 34 tu, na taa kubwa mbili za wati 55 peke yake zinakula kama 9. Bado wipa, bado betri iliyochoka.

Ila nisikilize kwanza. Ujanani nami nilifunga altaneta kubwa kwenye gari langu, waya wa zamani nikauacha. Usiku mmoja nikishuka Kemondo, mvua ikinyesha, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilikwanyua nyaya za betri kwa mikono mitupu. Lile kovu la kiganjani ulilokuwa ukiliuliza utotoni, nikakuambia ni panga, ndilo hilo.

Altaneta haimlazimishi mtu umeme. Betri na taa ndizo zinazouvuta. Lakini mkondo ukizidi mara mbili, joto ndani ya waya ule ule huzidi mara nne. Mfereji wa bustani haupitishi mafuriko.

Kwa hiyo anza na nyaya. Ondoa kichwa cha betri, upande wa negativu kwanza. Chora kila waya kwenye daftari kabla hujakata. Kila fundi aliyeligusa gari lile aliongeza wake, hakuna aliyetoa wa mwenzake: redio iliyokufa, king'ora, taa za ukungu. Toa vyote. Kutoka altaneta hadi betri pitisha waya mpya, mfupi, wa milimita 16 za mraba, wenye fyuzi karibu na betri. Taa kubwa zipitie kwenye rilei, swichi isiungue. Panapofungwa athi, sugua hadi bati ling'ae. Kisha washa injini upime betri: volti 13.8 hadi 14.4.

Na hata taa zikiwa mpya, msitu wa Biharamulo upite mchana. Hilo si ombi.

Chini ya dashibodi utakuta waya mwekundu uliosokotwa kwa mkono, umefungwa kamba ya katani. Ni kazi ya baba yako. Utoe, hautufai tena barabarani, lakini usiutupe. Niletee.

Mjomba wako