Kuponi Tatu na Swali Moja

Mwandishi wa tawasifu hii amestaafu wakati ambapo kazi aliyoifanya maisha yake yote, yaani kuwafikia kwa ajili ya utafiti wa afya watu wasiomo katika orodha yoyote, inafanywa kwa haraka inayozidi kumhuzunisha, na huzuni hiyo ndiyo iliyomfanya aandike. Utoto wake Unguja na masomo yake ya takwimu Dar es Salaam yatapitwa upesi, kwa kuwa kazi yenyewe ilianza alipowekwa chini ya mtakwimu mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, aliyemfundisha kuuliza kwanza, kabla ya kulisoma jedwali lolote, kila mhojiwa alikuwa na nafasi kiasi gani ya kuhojiwa.

Katika tafiti za kaya swali hilo lina jibu, maana kaya huorodheshwa, lakini hakuna sheha mwenye orodha ya wanaojidunga dawa za kulevya, wala ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume, ambao sheria na aibu huwalazimu kujificha. Sampuli ya mnyororo, ambamo mhojiwa humleta mwenzake, na ambayo Leo Goodman aliichambua kihisabati mwaka 1961, ilizoeleka kutumiwa bila hisabati hiyo, ikajaza tafiti watu wenye marafiki wengi. Mwaka 1997 Douglas Heckathorn, mwanasosholojia wa Marekani, alipendekeza utaratibu mkali zaidi: wahojiwa wachache wa mwanzo, waitwao mbegu, hupewa kuponi, kwa kawaida tatu, wawapelekee wenzao, na kila anayekuja na kuponi huhojiwa, hulipwa fidia ndogo, kisha hupewa kuponi zake, wimbi baada ya wimbi, mpaka sura ya sampuli isitegemee tena mbegu zilizochaguliwa. Kwa kuwa mwenye wenzake wengi hufikiwa kwa urahisi kuliko mpweke, jibu lake hupunguziwa uzito, hivi kwamba anayewajua 40 huhesabiwa robo ya anayewajua 10.

Hesabu hiyo yote husimama juu ya swali moja la dodoso: ni wangapi wa kundi hili unaowajua, nao wanakujua, na uliowaona katika kipindi kilichotajwa? Msimamizi mmoja, ambaye jina lake halitaandikwa hapa, aliwaruhusu wadadisi kujaza 10 kwa kila aliyesita, na kazi hiyo ikapokewa kwa sifa, ingawa pale wote wanapoandikiwa 10 uzito wao huwa sawa, na mnyororo wa zamani hurudi kwa jina jipya. Vijana wanaofundishwa leo kuiendesha programu ya kompyuta kabla ya kufundishwa kumsubiri mhojiwa ahesabu wenzake wanadhulumiwa, na wanaodhulumiwa zaidi ni wale ambao takwimu hizo zinadai kuwasemea.

Ubishi wa mwandishi na mwalimu wake ulihusu Unguja, ambako utafiti wa 2007 ulikadiria maambukizi ya VVU miongoni mwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume kuwa asilimia 12.3, na ule wa 2011 na 2012 ukakadiria asilimia 2.6. Mwalimu aliona humo matunda ya kinga. Mwandishi alishuku kwamba kuponi zilipita katika maskani nyingine, na ulinganisho wa tafiti hizo uliochapishwa baadaye uliashiria kuwa huenda zilifikia sehemu tofauti za kundi hilo. Sharad Goel na Matthew Salganik walikwisha kuonyesha mwaka 2010 kwamba makadirio ya njia hii huyumba kuliko ilivyodhaniwa. Mwalimu hakuukubali uchambuzi huo hadi kifo chake, na mwandishi, kwa heshima yote anayomwekea, hajaacha kudai kwamba kila ripoti ichapishe nani alimleta nani na kila mmoja alijibu nini kuhusu idadi ya wenzake, bila majina, kabla ya wizara yoyote kuombwa kuziamini asilimia zake.