Ufundi wa Kuanguka

Sisi tunaopenda mieleka ya Kijapani tukikutana hatukosi ubishi: nani bingwa wa mabingwa, na pigo la nani halina dawa? Mmoja atamtaja Rikidozan na makofi yake ya karate. Mwingine Kenta Kobashi na mtupo wake wa Burning Hammer, aliouweka akiba kwa mapambano machache mno. Wengi wetu humrudia Mitsuharu Misawa, bwana wa kiwiko, aliyeanzisha chama cha NOAH mwaka 2000 na kukipa jina la Nuhu wa safina.

Ila katika ubishi huo tunamsahau anayepigwa. Wajapani huuita ukemi ule ufundi wa kuanguka: kukunja kidevu, kutua kwa mgongo, kupiga sakafu kwa mikono ili kishindo kitawanyike. Pasipo mwenzi ajuaye kuanguka, hakuna pigo la kusifiwa. Nasi watazamaji (hata sisi wa kanda za video) katika miaka ya 1990 tulishangilia zaidi pale mtu alipotupwa kwa kichwa na shingo, nao wakazidi kutupana hivyo.

Misawa alisifiwa kuwa hodari wa kuanguka kupita wengi. Tarehe 13 Juni 2009, huko Hiroshima, Akitoshi Saito alimnyanyua kwa nyuma na kumwangusha. Mtupo wa kawaida, ambao Misawa alikwisha kuupokea mara nyingi. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 46. Kumlaumu Saito hatuthubutu: shingo ile ilichakaa kwa miaka mingi, na makofi yetu yalikuwamo.