Perfect Blue: Katuni Iliyomnyima Usingizi Dada wa Sinza

Kuna dada mmoja wa Sinza, jina lake halitajwi hapa na kama unamjua kaa kimya, ambaye Jumamosi moja usiku aliazima kompyuta ya mdogo wake ili aangalie kitu chochote cha kumsahaulisha. Dogo akamwekea katuni ya Kijapani. Dada akacheka, "Yaani mimi na umri huu niangalie katuni?" Dogo akamjibu akiwa mlangoni, "Hiyo sio ya watoto, dada. Na usiangalie ukiwa peke yako."

Akaiangalia akiwa peke yake.

Muvi yenyewe inaitwa Perfect Blue, ya mwaka 1997, dakika 81 tu. Sio zile zenye DJ anayetafsiri kwa juu. Hapa ni Kijapani na maandishi ya chini, kwa hiyo simu unaiweka pembeni utake usitake. Aliyeiongoza ni Satoshi Kon, mchoraji wa vitabu vya katuni ambaye hii ndiyo ilikuwa muvi yake ya kwanza kuongoza. Kama hujaiona na hupendi kuambiwa mwisho, ishia hapa, nenda kaitafute halafu urudi. Humu mchele unamwagwa wote.

Kwanza, huyu dada alitaka kusahau nini? Alikuwa maarufu kidogo mtandaoni. Sio staa wa kusimamishwa barabarani, ila wale wa "wewe si ndio yule wa kucheza?" Video zake fupi za kucheza na vichekesho zilimpa wafuasi wengi. Halafu akachoka. Akaanza kushona magauni, akawa anaposti vitambaa, vipimo na wateja wake. Watu wakanuna. Kila akiposti gauni, chini wanaandika "rudisha yule wa zamani", "umejisahau", "kushona waachie mafundi". Hayo aliyazoea. Ambalo hakulizoea ni akaunti feki.

Akaunti hiyo ina picha zake za zamani tu, zile za enzi za kucheza, na inaandika kama ni yeye. Eti yeye halisi ndiye huyu, na yule anayeshona ni mtu mwingine aliyebadilishwa na pesa. Mwanzoni alicheka. Mpaka siku akaunti ile ilipoandika kwamba leo nimenunua viatu vya bluu Kariakoo na muuzaji kanipunguzia elfu mbili. Viatu alivinunua kweli. Elfu mbili alipunguziwa kweli. Na hakuposti popote.

Basi, turudi kwenye muvi.

Inaanza na kundi la wasichana watatu wanaoitwa CHAM, wamevaa vigauni vya kumetameta, wanaimba kwenye jukwaa la nje mbele ya mashabiki ambao karibu wote ni wanaume. Japan wanawaita wasichana hawa aidoru. Kazi yao sio kuimba tu, ni kupendwa. Wawe wasafi, wacheke na kila mtu, wasiwe na bwana. Mmoja wao, Mima, anatangaza siku hiyo hiyo kwamba anaacha muziki aende kuwa mwigizaji. Ofisi yake imeona muziki wa aina hiyo haulipi.

Kwenye umati kuna jamaa mlinzi, uso umeharibika, meno yamekaa hovyo. Ananyoosha kiganja chake mbele ya macho yake, na ukiangalia kwa upande wake unaona Mima kama anacheza ndani ya kiganja. Kadoli kake. Dada aliangalia hapo mara mbili. Hajaguswa mtu, hajauawa mtu, lakini kwa kiganja kile muvi imeshakuambia yote.

Vituko vinaanza polepole. Inakuja faksi imejaa neno moja, msaliti, msaliti, msaliti. Barua ya shabiki inalipuka mkononi mwa bosi wa ofisi. Shabiki mmoja anamtajia Mima kitu kinachoitwa Chumba cha Mima, na yeye hajui ni nini. Kumbe ni ukurasa wa intaneti. Kumbuka hiyo ni 1997, intaneti ni mdudu mpya. Mima hana hata kompyuta. Inabidi meneja wake wa kike, Rumi, dada mnene mpole aliyewahi kuwa aidoru zamani, aje mpaka chumbani kwake, aifunge ile mashine na amfundishe kubofya. Mima anafungua ukurasa, anakuta shajara yake. Imeandikwa kama yeye. Ameandikiwa alichonunua dukani, na hata mguu gani anautanguliza akishuka treni. Anacheka. Anasoma tena, kicheko kinakata.

Dada wa Sinza akasimamisha muvi. Akanywa maji. Akaenda kuhakikisha dirisha limefungwa, ingawa anakaa ghorofa ya pili.

Alipoendelea, ilikuwa imefika sehemu ambayo watu wengi huwa wanaifunga kabisa. Kwenye tamthilia anayoigiza, Mima anapewa tukio la kubakwa mbele ya kundi la wanaume kwenye klabu. Ni maigizo, kamera zipo, taa zipo. Muongozaji akisema kata, yule kaka anayeigiza juu yake anamwomba samahani kwa upole, naye anamjibu hamna shida. Halafu wanarudia. Uchungu wa tukio upo kwenye ile samahani, kwa sababu hakuna mtu mbaya chumbani. Wote wako kazini, wote wana adabu, na bado msichana anaharibikiwa mbele ya macho yao. Rumi anashindwa kuangalia, anatoka nje analia. Mima anarudi nyumbani, anakuta samaki wake wadogo wamekufa kwenye tangi, na hapo ndipo analipuka. Anasema ni wazi hakutaka, ila hakutaka kuwaangusha watu waliomlea mpaka akafika hapo.

Hiyo ya kutowaangusha watu ilimgusa dada kuliko damu zote zilizofuata. Shoga yake wa karibu, yule aliyemshawishi aanze kuposti, alimnunia wiki nzima siku alipomwambia hatacheza tena. Na ni kweli yule shoga alihangaika. Ndiye aliyemfungulia akaunti, kwa bando lake, kwenye simu yake, akamchagulia jina na kumrekodi video ya kwanza kabisa, nyuma ya nyumba, nguo zikiwa kwenye kamba.

Damu sasa. Mwandishi wa tamthilia anauawa kwenye maegesho ya magari. Mpiga picha aliyempiga Mima picha za utupu anachomwa chuma chenye ncha na mtu aliyemletea piza, na macho hayaachwi salama. Mima anaota kwamba yeye ndiye aliyeleta ile piza. Anaamka, anafungua kabati, anakuta nguo zina damu. Kuanzia hapo Kon anakuvuruga makusudi. Tukio linakatwa, kumbe ilikuwa ndoto. Linakatwa tena, kumbe ilikuwa tamthilia. Linakatwa, anaamka kitandani, huyo huyo, asubuhi hiyo hiyo. Mpaka daktari kwenye tamthilia anaeleza kwamba huyu mgonjwa anajidhania mwigizaji, na wewe unajiuliza anaongelea nani. Ukitaka kuielewa yote kwa mara moja utaumwa kichwa. Iache ipite, utaipata mara ya pili.

Kuna watu watakwambia Black Swan ya 2010 imechukua humu. Muongozaji wake, Darren Aronofsky, amekubali zinafanana ila sio chanzo chake. Mzigo huo waachiwe wao. Kitu ambacho Black Swan haina ni yule jamaa na kiganja chake, yaani mashabiki.

Na mashabiki wa namna hiyo hawakubaki kwenye michoro. Mwaka 2013 msichana mmoja wa kundi kubwa la aidoru huko Tokyo alinyoa kipara, akakaa mbele ya kamera akilia na kuomba msamaha, kosa lake likiwa gazeti limeandika kwamba alilala kwa mpenzi wake. Mwezi Mei 2016, mwanafunzi wa miaka 20 aliyekuwa akiimba na kuigiza alivamiwa kwa kisu na shabiki nje ya ukumbi, muda mfupi kabla ya shoo yake. Jamaa alikuwa amemtumia zawadi, zikarudishwa, akawa anamwandikia mtandaoni mfululizo, kutoka mapenzi mpaka matusi. Binti alikuwa ameshawaeleza polisi. Sheria ya Japan ya kuzuia watu kufuatilia wenzao ilikuwepo toka 2000, ila ujumbe wa mitandao ya kijamii haikuugusa. Ilirekebishwa Desemba mwaka huo huo. Binti alipona, jamaa akafungwa miaka 14 na nusu.

Ya 2019 ndiyo iliyomfanya dada achukue simu yake na kuanza kufuta picha, maana muvi aliisimamisha tena akaingia mtandaoni kutafuta kama mambo haya yapo kweli. Aidoru mwingine wa Tokyo aliposti selfi. Shabiki akaikuza mpaka kwenye mboni za macho, akaona kituo cha treni kimejiakisi humo. Akatafuta kituo kwa picha za ramani za intaneti, akakaa pale, akamfuata mpaka kwake na kumshambulia. Mboni ya jicho! Ni selfi tu, binti hakuwa ametaja mahali.

Saa saba na nusu usiku dada akabofya kuendelea, zikiwa zimebaki kama dakika 20.

Yule mlinzi anamvamia Mima ndani ya studio, wanapigana, Mima anampiga nyundo. Rumi anamchukua, anamrudisha nyumbani akapumzike. Chumba ni chake, kitanda chake, bango la CHAM liko ukutani. Lakini bango lile alishalitoa. Na samaki waliokufa wanaogelea. Mima anagundua hayuko kwake. Chumba hiki ni cha Rumi, kimepangwa kitu kwa kitu kifanane na cha kwake, na Rumi anatokea amevaa kigauni cha CHAM. Aliyekuwa anaandika shajara ni yeye. Yule mlinzi mwenye sura ya kutisha, ambaye kila mtazamaji alishamhukumu tangu dakika ya kwanza, alikuwa anatumwa na mtu aliyemwamini kuwa ndiye Mima wa kweli.

Kinachofuata ni kukimbizana usiku katikati ya mji, na ni moja ya vipande bora vya kutisha vilivyowahi kuchorwa. Mbele ya macho ya Mima, anayemfukuza ni binti mwembamba anayerukaruka kama hana uzito, anatabasamu. Kwenye vioo vya maduka, anayekimbia ni mwanamke mtu mzima, mnene, anahema, jasho linamtoka, kigauni kinambana. Haendi kumuua Mima kwa chuki. Anamuua ili abaki yule wa zamani.

Mwisho Rumi anasimama barabarani akidhani taa za lori ni taa za jukwaa, na Mima, ambaye ametoka kuchomwachomwa na huyo huyo, anaruka kumwokoa. Hakuna aliyemlazimisha. Baadaye anaenda hospitali kumwona, anatoka, anaingia kwenye gari, anajiangalia kwenye kioo na kusema yeye ndiye halisi. Watu wanabishana mpaka kesho kuhusu kioo kile. Ubishi hauna maana sana. Aliyehitaji kusikia sentensi ile alikuwa peke yake ndani ya gari.

Satoshi Kon alifariki Agosti 2010 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 46.

Majina ya walioitengeneza yakapita, dada hakuzima. Alikuwa anahesabu. Viatu vya bluu aliviona nani? Mama alikuwa safarini. Dogo hata akivaa viatu viwili tofauti hajui. Muuzaji hamfahamu. Elfu mbili ile, nani alimwambia kuhusu elfu mbili? Alimwambia mtu mmoja, kwenye simu, akiwa kwenye daladala anarudi, na walicheka pamoja.

Akafungua akaunti yake, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ambayo hajawahi kuigusa toka ifunguliwe. Pale zikatokea simu mbili zilizoingia. Moja ni yake. Nyingine imeandikwa Dar es Salaam, inatumika muda huu.

Inawezekana ni kitu cha kawaida. Shoga ndiye aliyefungua akaunti, neno la siri alilitunga yeye, labda hakuwahi kutoka na wala hakumbuki. Dada alijiambia hivyo huku vidole vinaandika neno la siri jipya. Akabofya kuitoa ile simu nyingine. Saa nane na dakika kumi.

Saa nane na dakika kumi na mbili, ujumbe ukaingia.

"Shosti upo macho? Mbona akaunti imenitoa?"

Akausoma. Hakujibu. Akainuka kwenda kuangalia kama mlango ameufunga.