Ua la Mwambani

Watu wengi hudhani kwamba mkono mkunjufu haukosei. Hudhani kuwa mtu akitoa kwa moyo safi, alichokitoa hakina budi kumfaa aliyepewa. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo, wala sikuiacha kwa kusoma kitabu au kwa kusikiliza mawaidha. Niliiacha kwa sababu ya ua moja dogo lililopandwa katika kopo la maziwa.

Ua hilo lilikuwa mali ya umbu langu. Aliolewa katika nchi ya Wachonyi, karibu na Chasimba, upande wa bara wa mji wa Kilifi, na huko ndiko alikoishi mpaka alipofariki. Nilipotoka matangani nilirudi kwangu Malindi na amana mbili. Ya kwanza ilikuwa binti yake, mtoto wa miaka 11, ambaye jamaa wa pande zote mbili walikubaliana kwamba akae nami apate kusoma. Ya pili ilikuwa kopo hilo, ambalo mtoto alilipakata njia nzima kama mtu apakataye mtoto mchanga.

Lilikuwa ua la namna ionekanayo katika madirisha ya nyumba nyingi duniani. Majani yake ni manene, yenye malaika laini, nayo hujipanga duara kama sahani. Katikati yake huchomoza maua ya rangi ya urujuani yenye kitone cha manjano. Wenye bustani hulijua kwa jina la Saintpaulia. Niliamini bila ya shaka kwamba ni ua la kigeni lililonunuliwa dukani. Kwa hiyo nililipokea kama mgeni wa heshima.

Kopo lilikuwa limeingia kutu, na udongo uliokuwamo haukuzidi makonzi mawili. Mche ulikuwa umesimama juu ya shingo ndefu iliyo tupu, kwa sababu majani ya chini yalikwisha kunyauka na kupukutika. Nikasema, "Maskini, limebanwa!" Nikaenda sokoni, nikanunua chungu kikubwa cha kutosha kupandwa mdimu. Nikakijaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikalitoa ua katika kopo, nikalipanda katikati ya utajiri huo. Asubuhi nikalinywesha maji, na jioni nikalinywesha tena.

Kwa mtoto nilifanya vivyo hivyo. Nilimpa chumba chake peke yake na kitanda kipya. Nilimkataza kazi zote za nyumbani, nikidhani kwamba mikono ikipumzika moyo nao utapumzika. Nilimtafutia mwalimu wa jioni. Chumba cha pili alilala mama yangu mzee, ambaye alikuwa amefiwa na binti yake. Naye nilimwambia asimsumbue mtoto kwa mazungumzo ya huzuni. Hivyo wawili hao, waliokuwa na msiba mmoja, nikawatenga kwa ukuta na kuuita ukuta huo huruma. Mtoto alikula kidogo. Alijibu "Ndiyo, mjomba" na "Hapana, mjomba", na usiku alilala ameelekeza uso ukutani. Nami kila nilipomwona amenyong'onyea, nilizidi kumpa.

Baada ya majuma matatu majani ya ua yalilegea. Nilidhani lina kiu, nikaongeza maji. Sikujua kwamba mzizi uliooza hauwezi kunywa, na kwamba mmea uliozama katika maji huweza kunyauka mfano wa mmea uliokosa maji. Asubuhi moja niliugusa mche nao ukaja mkononi mwangu bila ya kuvutwa. Mizizi yote ilikuwa myeusi, imelainika kama uji. Nilipogeuka nilimwona mtoto amesimama mlangoni.

Hakulia. Alinena, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno marefu ya kwanza kuyasikia kwake tangu tulipotoka kwao: "Mjomba, mama hakulipa maji mengi. Ua hili ni la mwambani."

"Mwamba gani?" nikauliza.

"Ule ulio nyuma ya nyumba yetu. Jani lake lilianguka wakati wa mvua, mama akaliokota, akalipanda."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha macho. "Hukuniuliza, mjomba."

Nimepata kukemewa na walimu, na wazee, na mahasimu. Lakini hapana kemeo lililonichoma kama jawabu hilo lililosemwa kwa adabu. Nilikuwa nimekiua kitu cha mwisho chenye uhai alichoachiwa mtoto na mama yake, tena nilikiua kwa ukarimu.

Hapo mtoto alifanya lililonishangaza. Aliuchukua mche kutoka mkononi mwangu, akatafuta katika majani yale na kupata mawili ambayo vikonyo vyake vilikuwa bado vigumu. Akaomba wembe, akavikata vikonyo kwa mshazari. Akaomba kopo dogo, akalitoboa chini kwa msumari. Akaweka vipande vya chungu kilichovunjika ili maji yapate njia, kisha mchanga, na usumba wa nazi uliokatwakatwa, na mkaa uliopondwa, na udongo kidogo wa majani yaliyooza. Akayachomeka majani yale mawili yakiwa yameinama, akanyunyiza maji kiasi cha kulowesha tu, akayafunika kwa gilasi na kuyaweka kivulini. Mama yangu alikuwa ametoka chumbani mwake. Akakaa sakafuni karibu naye, akawa akimpa kila alichokitaka. Nilisimama kando yao kama mwanafunzi.

Siku za mapumziko ya shule zilipowadia nilimpeleka mtoto kwao kuzuru. Tulishuka Kilifi, tukaiacha barabara ya Mombasa, tukaelekea bara. Huko Chasimba majabali ya chokaa yanasimama juu ya ardhi kama kuta za mji uliohamwa, na miti imeota katikati yake. Mtoto alinishika mkono akanipitisha upande wa kivuli. Nikayaona. Maua ya urujuani yalikuwa yamejishika katika nyufa za jiwe, mahali ambapo sikudhani kuwa hata nyasi ingekubali kuota. Kila mche ulikuwa na udongo usiojaa kiganja. Mvua hunyesha juu yake, nayo maji huteremka mara moja wala hayatuami. Kopo lile la kutu, ambalo nililihurumia kwa wembamba wake, lilikuwa kwa ua hilo nyumba iliyofanana na nyumba ya baba zake.

Tangu siku hiyo nilisoma habari zake, nami naziandika kwa ufupi. Karibu na mwisho wa karne ya 19, wakati Wajerumani walipotawala Tanganyika, mtumishi wa serikali yao aliyeitwa Walter von Saint Paul aliliona ua la namna hii katika nchi ya Tanga na Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, alilieleza kitaalamu na kulipa jina la ukoo ule. Kutoka hapo lilienea katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani wangali wakiliita kwa jina la Usambara. Ua la miamba ya Kilifi lilielezwa na B. L. Burtt mwaka 1964, akaliita Saintpaulia rupicola. Mwaka 2015 wataalamu waliliunganisha kundi zima la Saintpaulia na jamaa zake waitwao Streptocarpus. Lakini neno lile rupicola lilinifanya nicheke kwa uchungu, maana katika Kilatini ni "mkaa mwambani". Jawabu lilikuwamo katika jina lake, na lilikuwamo katika kinywa cha mtoto, nami sikuuliza jina wala mtoto.

Nilijifunza pia kwamba ua hilo ni maskini kwa idadi. Makao yake ni miamba michache ya Kilifi. Miti inayolipa kivuli ikikatwa, au jiwe lenyewe likichimbwa, halina kwingine pa kukimbilia, na wataalamu wamelihesabu miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Siku ile mwambani nilitamani kung'oa mche mmoja nilipe deni langu. Mtoto akatikisa kichwa. "Tungoje lile letu, mjomba," akasema. Tukaondoka mikono mitupu.

Lile letu halikututupa. Baada ya miezi miwili hivi, chini ya jani moja kati ya yale mawili yalitokeza majani madogo kama masikio ya panya. Yalipopata nguvu tuliyatenga, kila mche katika kopo lake dogo. Sasa najua kanuni ya kulihamisha ua hili, nami nampa kila atakaye. Upana wa chungu usizidi theluthi ya upana wa majani. Shingo ikirefuka, ondoa majani makuukuu, ipare kidogo, kisha uizike ili itoe mizizi mipya. Udongo uwe mwepesi, usishindiliwe. Maji yapewe kwa kisahani kutoka chini, na kisahani kimwagwe ua likisha kunywa. Jua kali lisilifikie.

Kwa mtoto nako nilibadili mwendo. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Zamani nilidhani kuwa methali hiyo ni ya wachoyo. Sasa naona kwamba ni ya wenye hekima, kwa sababu anayepewa jembe ameambiwa kuwa yeye si mgeni tena. Nilimwachia mtoto makopo yote ayatunze, pamoja na kazi yake jikoni. Kitanda kipya kikabaki kitupu; yeye alihamishia mkeka wake katika chumba cha bibi yake. Usiku niliwasikia wakimzungumza marehemu, mara wakilia, mara wakicheka. Mwalimu wa jioni nilimwomba apumzike, na masomo ya mtoto hayakuharibika kwa hilo.

Ewe msomaji kijana, huenda nawe umehamishwa: kutoka kijijini kwenda mjini, au kutoka nyumbani kwenda shule ya mbali. Ukiona umenyauka mahali ambapo wengine wanakusifia kwa upana wake, usidhani kwamba una kasoro. Sema unachokihitaji, hata kabla hujaulizwa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye chungu, na mwenye maji, na mwenye nyumba, usiache ukarimu wako, lakini uutangulizie swali. Muulize uliyempokea alikotoka, na huko aliishi vipi.

Lile kopo la kutu sikulitupa. Liko dirishani, na ndani yake mna mche mmoja wa ua la umbu langu.