Na wakishahesabiwa, watapewa nini?

Sisi ni wale vijana wa Nakivale mliozoea kutusoma hapa tukilalamika juu ya maji na foleni. Leo tunaleta habari za ndege. Msicheke kwanza.

Tuko tisa. Wakongomani watano, Warundi wawili, Mnyarwanda mmoja na Msomali mmoja, ambaye anaogopa viboko kuliko sisi wote na ana haki. Kila Jumamosi mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane mpaka wa tisa, tunaamka giza bado liko, tunashuka hadi ziwani na tunahesabu ndege. Tulianza kwa sababu ya dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwenye shirika hapa. Mkataba wake ulikatwa pesa zilipopungua, na siku ya kuaga alituachia darubini mbili, moja ina ufa kwenye kioo cha kushoto. Alituambia kwamba kwao Ulaya joto likianza kuisha, ndege wanaanza safari ya kuja huku kwetu, na wa kwanza wanafika wakati watu bado wanasema ni mapema. Tukasema, basi tutawapokea. Kupokea wageni wapya tunajua, tumeshafanya kazi hiyo sana pale mapokezi.

Wengi wetu tumeishi hapa miaka saba, minane, bila kujua kwamba ziwa letu lina jina kubwa duniani. Kuna mkataba wa kulinda ardhi zenye maji, ulitiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Mwaka 2006 Uganda iliandikisha ndani yake eneo lote la maji na mafunjo linalounganisha Mburo na Nakivale. Kambi yenyewe ni ya zamani kuliko huo mkataba. Kwa hiyo tunaishi kando ya hifadhi, na hifadhi inaishi kando ya watu zaidi ya laki moja wanaohitaji kuni, samaki na mahali pa kulima. Hapo mtaona wenyewe ugumu uko wapi.

Jumamosi ya kwanza, Papa mmoja mvuvi alitukuta pale mwaloni tumesimama na daftari.

“Munahesabu nini, batoto?”

“Ndege, Papa.”

Akafikiri kidogo. “Na bakisha kuhesabiwa, batabapa nini?”

Tulicheka mpaka kulastara wote wakaruka na hesabu ikaharibika. Lakini swali lile lilitufuata nyumbani. Sisi ndio watu wa kuhesabiwa. Tumeweka vidole kwenye mashine, tumeangaliwa macho, tumeitwa kwa namba ya familia, tumesimama juani na watoto mgongoni ili mtu athibitishe kwamba bado tupo. Kila hesabu ilikuwa na kitu mwisho wake, kupewa au kukatwa. Ile asubuhi ilikuwa mara ya kwanza kalamu iko mkononi mwetu, na tunaowahesabu hawana habari na sisi.

Kuhesabu si rahisi, kama hamjajaribu. Yangeyange wanatembea kati ya ng'ombe, ukimaliza kumi wawili wamehama nyuma yako. Mwari wakitua kwa pamoja huwezi kujua nani umemhesabu. Tunagawana: wawili wanaangalia, mmoja anaandika, wengine wanabishana. Kaloli, yule korongo mwenye upara anayekula jalalani, tulikuwa hatutaki kumwandika, eti yule ni wa takataka. Tukapiga kura. Akaandikwa. Kuna mdogo mmoja wa rangi ya udongo, anatembea kwenye tope anatikisa mkia bila kupumzika, huyo ndiye mgeni wetu wa kwanza kutoka mbali. Anazaa kwenye nchi za baridi na mwezi wa nane tayari yuko hapa, peke yake, anatikisa. Mbayuwayu wa Ulaya walikuwa bado.

Lakini aliyetushika moyo ni mwenyeji. Korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda. Warundi na Mnyarwanda wetu wanamwita umusambi, na walikuwa wanamjua tangu utoto, wengine wamemwona amefugwa uani kama kuku. Mnyarwanda alitusimulia kwamba kwao, kuanzia mwaka 2014, walianza kuwakusanya waliofugwa kwenye nyumba na mahoteli. Wenye nguvu walirudishwa porini Akagera, waliokatwa mabawa wakabaki wanatunzwa Kigali kwa sababu hawawezi kuruka tena. Tangu mwaka 2012 ndege huyu yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Mabwawa yanakauka na kulimwa, na vifaranga vinaibwa.

Jumamosi ya tatu tuliona jozi moja ambayo haihami. Mmoja anaondoka, mwingine anabaki amekaa chini kwenye majani, karibu na mafunjo. Kiota. Tulikaa mbali, tukapeana darubini nzima kwa zamu, hakuna aliyetaka kuiachia. Yule ndege aliposimama kunyoosha miguu tuliona mayai mawili. Na kando ya kiota kulikuwa na kitu kinachong'aa.

Waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kitanzi.

Tulimwomba Papa mvuvi autoe, kwa sababu yeye anajua pa kukanyaga. Alipouleta tukanyamaza. Kila mmoja wetu aliijua ile namna ya kufunga. Mwenzetu mmoja, mwanzilishi wa kikundi, ndiye anatengeneza baiskeli, na mlango wa banda la kuku wake umefungwa vilevile. Alikuwa hajaja Jumamosi mbili. Alisema ana homa.

Tulibishana njia nzima. Wengine walisema lazima tutoe taarifa, sheria ya wanyamapori hapa ni kali, na tukinyamaza tutaonekana sote wezi. Wengine walisema mkimbizi akiingia jela kwa ajili ya ndege, nani atamtoa? Mwisho tulikwenda kwake.

Hakukataa. Mtu kutoka mjini alikuwa ametaka jozi iliyo hai kwa ajili ya bustani ya tajiri fulani, na ametaja pesa ambayo sisi volontea hatujawahi kuishika. Familia yake ilikuwa imeondolewa kwenye mgao wa chakula. Mama yake alikuwa amekaa pale mlangoni, anatusikia. Akatuuliza swali moja tu: “Nyinyi leo mmekula?”

Baadhi yetu tulikuwa tumekula. Tukaangalia chini.

Hatukutoa taarifa. Ndugu wa mashirika mnaotusoma, tafadhali msituandikie pembeni kutafuta jina lake, hatutalitoa. Tulichanga unga kidogo, na tunajua unga ule haukufika siku nne. Tusijidanganye kwamba tuliponya kitu. Waya tunao bado, hatukujua tuutupe wapi.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Alikaa mbali na sisi, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Tulikuwa tunakosea saa ambazo ndege wanapokezana kwenye kiota, na yeye, bila kugeuka, akaturekebisha. Siku kumi na moja alikuwa amelala kwenye majani akiwatazama. Alijua jike na dume wote wanaatamia. Alijua yupi mwoga. Alijua jioni wanalala juu ya mti gani, jambo ambalo korongo wengine hawafanyi na sisi tulikuwa hatuamini mpaka tulipokwenda kuona. Tuliandika yote kwenye daftari, kurasa mbili na nusu, na ukweli ni kwamba ndizo kurasa nzuri kuliko zote tulizonazo.

Jumamosi iliyopita kiota kilikuwa kitupu. Vipande vya maganda tu, na majani yamelala. Vifaranga wa korongo taji hawakai kwenye kiota, wakianguliwa wanaondoka upesi na wazazi, kwa hiyo inawezekana wako ndani ya mafunjo, wazima. Inawezekana pia mtu alipita usiku. Yeye alitutazama tukimtazama. Hakuna aliyeuliza. Baadaye alichukua darubini yenye ufa, akakaa juu ya ule mtumbwi akiyaangalia mafunjo hadi jua likawa kali, na sisi tukamwacha.

Kwenye daftari tumeandika: mayai 0, maganda ya 2, vifaranga alama ya kuuliza.

Kesho kutwa tunarudi. Anayetaka kuja tukutane saa kumi na mbili asubuhi kwenye mwembe kabla ya mwalo. Vaa viatu vya kufunga, na usitangulie mbele ya Papa, viboko wanakuwa bado nje.