Mji Mkongwe Unahitaji Jarida la Lugha Mbili

Kila ninapowapeleka wanafunzi wangu Mji Mkongwe, hunisumbua jambo moja. Wanaeleza kwa Kiingereza fasaha kwa nini UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukiwauliza daka ni sehemu gani ya nyumba, au wikio ni kitu gani, wananyamaza. Wengi wao ni wana wa pwani hii hii.

Ndiyo maana naamini tunahitaji jarida la usanifu majengo na utamaduni litakalotoka kwa Kiswahili na Kiingereza. Jambo hili si geni Unguja. Enzi za ukoloni, gazeti la Samachar lilisomwa hapa kwa Kigujarati na Kiingereza, na Al-Falaq kwa Kiarabu na Kiingereza. Msomaji wa Zanzibar alikwishazoea ukurasa wenye ndimi mbili.

Hata hivyo, Kiswahili kisiwe kivuli cha tafsiri katika jarida hilo. Elimu ya majengo haya ilizaliwa humo. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazizidi sana mita 3. Mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Fundi wa chokaa anajua pia kwamba ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu hufungika ndani, na ukuta huoza huku uso wake ukionekana mpya. Fundi huyo ana mengi ya kuandika, lakini taarifa nyingi za kitaalamu kuhusu kazi yake huandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Sidai kwamba jarida lingeuzuia msiba huo. Ninachosema ni kwamba wakazi wanaoishi chini ya kuta hizi wana haki ya kusoma, kwa lugha yao, hali ya kuta hizo na mipango iliyopo juu yake.

Wapo watakaouliza: nani atalisoma, na nani atalilipia? Wasomaji wapo barazani kila jioni, wakijadili siasa za dunia nzima. Hawatashindwa kujadili paa la jirani. Kuhusu gharama, kila mradi wa ukarabati unaoandikiwa ripoti ya Kiingereza utenge fungu dogo la kuichapisha kwa Kiswahili, na fundi alipwe kwa makala yake kama alipwavyo mhandisi.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuuziba, lazima wenye nyumba waambiwe ufa uko wapi.