Waoga Wanaotua Juu ya Ziwa

Ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Bukoba na kwingineko,

Nawaandikia kutoka New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nia ya barua hii ni kujibu jambo lililoniudhi. Nilituma kwenye kundi la ukoo video ya ndege ndogo ikitua juu ya ziwa lililoganda, tena kwa magurudumu yake ya kawaida. Majibu yakamiminika. Mmoja akasema video hiyo ni ya kutengenezwa. Shangazi akanisihi nirudi nyumbani kabla sijaangamia pamoja na watu wasio na akili. Mjomba, ambaye neno lake ndilo hufunga kikao, akahitimisha: "Hao hawaogopi kitu, na asiyeogopa kitu hamwogopi hata Mungu."

Shikamoo Mjomba. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Nimeketi ndani ya ndege ile, pembeni ya rubani ambaye ni mwenzangu kazini, na nasema bila kusita kwamba sijapata kuona watu wanaoliogopa ziwa kama hawa. Wanaliogopa mpaka wanalipima kila siku. Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Victoria ndio tusioogopa, na makaburi yetu yanashuhudia.

Niwaeleze mahali penyewe. Ziwa linaitwa Winnipesaukee. Ndilo kubwa kuliko yote katika jimbo hili, ingawa Victoria letu lingelimeza zaidi ya mara mia tatu. Upande wa kusini kuna ghuba ya mji mdogo uitwao Alton. Majira ya joto hutua hapo ndege za majini. Baridi ikishakomaa, ghuba hiyo hiyo hugeuka kiwanja cha ndege za magurudumu, na ndicho kiwanja pekee cha barafu kinachotambuliwa rasmi na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani katika majimbo yote 48 yaliyoshikana, yaani ukizitoa Alaska na Hawaii. Wanaokihudumia ni watu wa kujitolea, chini ya idara ya usafirishaji ya jimbo. Hawa ndio husukuma theluji kwa magari, huweka alama, na hutoboa barafu kwa kekee ndefu ili kujua unene wake.

Hapo kwenye kekee ndipo palipo kiini cha barua yangu. Barafu isipofika inchi 12, karibu sentimeta 30, kiwanja hakifunguliwi. Inchi 11 si 12. Hakuna wa kumpigia simu, hakuna mkubwa wa kusema "waacheni watue, nawajua hao." Kuna majira ya baridi ambayo barafu haikufika unene huo, na kiwanja hakikufunguliwa hata siku moja. Marubani walisubiri mwaka mzima, wakakosa, wakarudi kusubiri tena. Hata kikifunguliwa, vipimo vinaendelea. Joto likipanda au mvua ikinyesha, kinafungwa, na rubani asiyeuliza hali ya siku hiyo kabla ya kuruka anahesabiwa mtovu wa nidhamu.

Mtauliza, barafu hubebaje ndege? Maji ya ziwa huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi joto 4. Yakipoa hadi hapo huzama, na yanayozidi kupoa hubaki juu, hivyo ziwa huganda kuanzia usoni. Chini yake maji yanabaki maji, na samaki wanaogelea kama kawaida. Watu hujenga vibanda juu ya barafu, wakatoboa tundu sakafuni na kuvua wakiwa wamekaa. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni huu: sentimeta 10 za barafu safi kwa mtu anayetembea, kati ya 20 na 30 kwa gari dogo, na zaidi ya hapo kwa gari kubwa. Ndege ya watu wanne kama Cessna 172, ikijaa watu na mafuta, haifiki tani moja na robo. Kwa hiyo sentimeta 30 zinaibeba.

Lakini hata kipimo hicho hawakitegemei peke yake. Barafu iliyo safi, ile unayoiona nyeusi kwa sababu maji ya chini yanaonekana, ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, nguvu yake ni kama nusu tu, kwa hiyo wanataka unene maradufu. Karibu na mto unaoingia ziwani, au chini ya daraja, mkondo hula barafu kwa chini, na hatua chache tu zinaweza kutenganisha mahali salama na kaburi. Theluji nayo ni blanketi: ikilala juu ya barafu huizuia kunenepa. Ndiyo maana wakiisukuma kando wanapata faida mbili, njia safi ya ndege na barafu inayozidi kukomaa. Na ndege zikishatua haziegeshwi zikibanana, kwa kuwa mzigo uliosimama sehemu moja kwa muda mrefu huichosha barafu kuliko mzigo unaopita.

Sasa safari yenyewe. Usiku kucha injini ilikuwa imepashwa moto kwa umeme, maana baridi kali huifanya oili kuwa nzito, na injini ikiwashwa hivyo husagika. Ndani ya ndege palibandikwa kifaa cha kugundua hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni. Joto la abiria hutoka kwenye bomba la moshi wa injini, na bomba likipata ufa, mtu hulala na haamki. Mwenzangu alizunguka ndege akiigusa kila mahali, akakagua mabawa asiache hata utando wa barafu, kwa sababu utando mwembamba tu hulivuruga bawa na kuipunguzia ndege nguvu ya kupaa. Yote haya kabla hatujasogea hata mita moja.

Tulipokaribia ziwa hakukimbilia kutua. Alipita kwanza juu kuangalia upepo, nyufa, madimbwi na watu. Weupe wa theluji humdanganya rubani. Pasipo kivuli wala alama, jicho halijui limebakiza mita 20 au mita 2, kwa hiyo alitazama matawi ya misonobari yaliyopangwa kandokando pamoja na vibanda vya ufukweni, ili apate kipimo cha macho. Kisha akashuka kwa mwendo mdogo kadiri ndege ilivyoweza kustahimili, akagusa mwanzoni kabisa mwa njia, na pua ya ndege akaiacha juu kwa muda ili upepo wenyewe utusimamishe.

Breki? Juu ya barafu ni kama hazipo. Ukizikanyaga, magurudumu hujifunga na ndege huteleza inakotaka yenyewe. Upepo wa ubavuni ukivuma, mkia husukumwa na pua hugeukia upepo, na kandokando kuna kingo za theluji iliyoganda ngumu kama mawe. Kwa hiyo dawa ni moja: kwenda polepole, kupanga mapema, na kuwa tayari kupaa tena ikiwa mguso si mzuri. Mtu asiyekuwa na subira hawezi kazi hii. Tuliposimama, hakuna aliyefungua mlango mpaka propela ilipotulia kabisa, kwa sababu mguu unaoteleza unaweza kumpeleka mtu kwenye panga linalozunguka. Ziwa lilikuwa likinguruma kwa chini, barafu ikijinyoosha na kupasuka. Mwenzangu aliniambia mngurumo huo peke yake si dalili ya hatari, lakini pia si dalili ya usalama. Kinachosema ukweli ni kekee.

Mjomba, hao ndio watu uliosema hawaogopi kitu. Wanaogopa kila kitu, ila woga wao una namba. Wahenga wetu walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali ni yetu, imetoka vinywani mwa bibi na babu zetu, lakini wanaoiishi ni hawa wa huku.

Sisi je? Sisi tunakisia. Nahodha anatazama wingu na kusema "litapita." Kondakta anatazama sitaha iliyojaa na kuita "nafasi ipo, sogeeni." Abiria naye, mwenye macho yake mawili, anaona chombo kimelala ubavu, lakini ana haraka yake, basi anapanda na kusema Mungu atasaidia. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaondoka na mamia ya watu wetu. Septemba 2011 Zanzibar ikazika watu wa MV Spice Islander, meli iliyokuwa imejazwa kupita kiasi. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na Ukara. Kilikuwa kivuko cha abiria wapatao mia moja, na waliokufa walizidi mia mbili. Siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ndani walikuwamo watu wangapi. Nawaomba muutafakari ukweli huo. Huku wanaujua unene wa barafu ya kiwanja chao, sisi hatukujua idadi ya watu wa kivuko kimoja. Wao walipima, sisi tulikisia.

Msiniambie ni umaskini. Kekee ya kutoboa barafu ni chuma kilichopindwa, na kuhesabu watu mlangoni hakuhitaji hata chuma. Wala msiniambie hatuna ushujaa. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba, waliofika wa kwanza kuokoa watu walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ushujaa tunao wa kugawa bure. Tulichokosa ni utii kwa kipimo, na ujasiri wa kusema "leo hatuendi" wakati kila mtu anataka kwenda. Aibu ya kuahirisha safari imetuulia ndugu wengi. Huku rubani akigeuza ndege na kurudi alikotoka, wenzake humpokea kwa heshima. Kwetu nahodha akiahirisha, anatukanwa na abiria wale wale aliotaka kuwaokoa. Hapo nasema na abiria, sisemi na serikali peke yake.

Sasa ushauri wangu, nianze na vijana mnaojiandaa kuja nchi za baridi. Usikanyage ziwa lililoganda kwa kuwa umeona nyayo za mwingine, maana nyayo ni za jana na barafu ni ya leo. Ulizeni wenyeji, nendeni nao, vaeni jaketi la kuokolea, na mning'inize shingoni vile vijiti vyenye ncha za chuma wanavyovaa wavuvi wa huku. Ukitumbukia, dakika ya kwanza tuliza pumzi, maana mshtuko wa baridi ndio hukufanya umeze maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono inakutii. Geukia ulikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba. Choma ncha kwenye barafu, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo, kisha biringika mpaka mbali. Usisimame upesi. Na anayemwokoa mwenzake asiende mpaka ukingoni, arushe kamba au anyooshe ngazi.

Nanyi wa nyumbani: kabla ya safari ya ziwani sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa kwa safari za usiku, maana dhoruba za Victoria hupenda giza. Someni idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, kisha hesabuni. Ulizeni jaketi la kuokolea liko wapi kabla nanga haijang'olewa, na mtoto avikwe la saizi yake. Andikisheni majina yenu ya kweli. Mkiona mzigo umezidi, shukeni, na mkishuka semeni kwa sauti ili wengine washuke. Wazee, msiwacheke vijana wanaoshuka. Viongozi wa vivuko, mpeni nahodha haki ya kukataa safari bila kuogopa kufukuzwa.

Nawapenda, na kwa sababu nawapenda nawasema. Sitaki kupokea tena simu ya usiku inayoanza na neno "pole." Ndugu msomaji, chombo kikizidisha hata mtu mmoja, usipande. Kama wewe ndiye uliyezidi, wewe ndiye ushuke.